Nimepangwa kuendesha mashtaka ya wizi, na kaka yangu yuko mahabusu

Shikamoo Mama Wakili,

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nasoma shule ya kutwa mkoani Morogoro. Mwalimu wetu wa Uraia ndiye mlezi wa klabu ya sheria, na mwaka huu klabu imeingia mashindano ya mahakama ya kuigiza pamoja na shule nyingine tatu za wilaya yetu. Shule zote zimepewa jalada moja la kesi ya kutunga. Mama lishe wa stendi ameibiwa mkoba saa mbili usiku, ndani yake mna simu na mauzo ya siku nzima. Aliyeshtakiwa kwa wizi ni kijana muuza mitumba. Upande wa mashtaka una mashahidi watatu: mama lishe mwenyewe, dereva wa bodaboda anayesema alimwona kijana huyo akikimbia, na askari aliyemkamata siku ya pili yake. Simu haikupatikana. Kesi itaendeshwa kwa Kiswahili, na atakayekaa kitini ni hakimu wa kweli kutoka mahakama ya wilaya.

Mwalimu amenipa mimi uongozi wa waendesha mashtaka. Sijawahi kuchaguliwa kuongoza kitu chochote tangu nianze shule. Siku hiyohiyo nilinunua daftari jipya nikaanza kuandika maswali.

Shida yangu ni kaka yangu. Yuko mahabusu tangu mwezi wa tatu. Pikipiki ya mtu iliibwa mtaa wa pili kutoka kwetu, usiku, na watu wawili wamesema walimwona yeye. Kaka anakana. Kesi yake inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, na kila mara tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Siku za kumwona mama huamka alfajiri akapika, akapanda magari mawili kumfikishia chakula. Shuleni hakuna anayejua. Nimewaambia wenzangu kaka yuko Dodoma kwenye kazi za ujenzi.

Wiki iliyopita nilikuwa nafanya mazoezi jikoni. Nilisimama kama nimesimama mahakamani nikasema kwa sauti: "Mheshimiwa Hakimu, mtu huyu ni mwizi, na kijana wa aina hii hafai kuachwa mtaani!" Nilipogeuka nikamkuta mama mlangoni na ndoo ya maji. Hakusema neno. Aliitua ndoo, akaingia chumbani. Tangu siku ile akiniona nimeshika daftari anatoka nje.

Halafu juzi kwenye mazoezi ya shule, mvulana anayeigiza mshtakiwa alipoingia darasani, wenzetu walianza kupiga makofi wakiimba "mwizi, mwizi!" Walikuwa wanacheka. Mimi nilitokwa na jasho mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Mama Wakili, nijitoe? Nikijitoa nitasema sababu gani? Au niombe kuhamia upande wa utetezi? Na nikibaki, je, si ni kumsaliti kaka yangu? Kuna usiku najiuliza kama waendesha mashtaka wa kesi yake nao wanafanya mazoezi ya kumwita mwizi kama nilivyofanya mimi. Mashindano ni baada ya wiki tatu.

Mwendesha Mashtaka Asiyelala, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama palepale, kwa mama mlangoni na ndoo yake. Nitafika kwake. Lakini umeniuliza pia jambo la kazi, kwa hiyo naomba nianze na kazi.

Ile sentensi ya jikoni haifai mahakamani. Isingefaa hata kama familia yenu isingekuwa na mtu mahabusu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba analo. Kijana wa mitumba akiwa kizimbani ni mshtakiwa, basi. Huenda aliiba. Huenda alikuwa anaikimbilia daladala ya mwisho. Anayesema "huyu ni mwizi" kabla shahidi wa kwanza hajaapa amejitwalia kazi ya hakimu, na hakimu makini atamkatiza hapohapo. Mzigo wa kuthibitisha uko begani kwako, na hauhamii kwa mshtakiwa. Yeye anaweza kukaa kimya mwanzo hadi mwisho, na kama ushahidi wako umeacha shaka ya msingi, anakwenda nyumbani.

Uliuliza kama waendesha mashtaka wa kesi ya kaka yako wanafanya mazoezi ya kumwita mwizi. Nitakwambia sheria inawataka wafanye nini. Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wote wanafanya kazi chini ya mamlaka yake, ametajwa katika ibara ya 59B ya Katiba, na hapo amewekewa mambo matatu ya kuzingatia: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Sheria iliyounda utumishi wao ni ya mwaka 2008. Kabla ya hapo, katika mahakama nyingi za chini, aliyesimama kushtaki alikuwa polisi. Kesi isiyo na miguu, Mkurugenzi ana mamlaka ya kuiondoa mahakamani. Kushinda hakumo katika yale matatu. Wapo wanaosahau, sitakuficha, nimesimama mbele yao. Ndiyo maana nafurahi kwamba kuna msichana wa kidato cha tatu anayekosa usingizi kwa sababu ya neno moja alilolitamka jikoni. Hayo maumivu yako ndiyo yanayokosekana kwa wengi waliovaa joho.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: usijitoe. Baki hapo ulipopangwa, lakini ubadilishe namna unavyoshtaki. Na kuna watu wawili wa kuzungumza nao kabla wiki hii haijaisha.

Sasa fungua daftari.

Kesi yenu yote imening'inia kwenye macho ya watu wawili, usiku. Simu haikupatikana, kwa hiyo hakuna kielelezo kinachomfunga kijana na mkoba. Askari hakuona wizi. Alikamata tu, na kumkamata mtu si ushahidi kwamba mtu huyo aliiba. Wanafunzi wengi watamtumia askari kama nguzo yao kwa sababu amevaa sare. Usifanye hivyo. Nguzo yako ni mama lishe, na swali la kesi ni moja tu: alimtambua kweli?

Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ambayo kila wakili wa jinai nchini ameibeba kichwani, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980. Majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu sana, wala mahakama isiutegemee mpaka iwe imeziba kila mwanya wa kumfananisha mtu na mwingine. Wakataja na mambo ya kuuliza. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga, na kama ulikuwepo, wa nini na mkali kiasi gani? Alikuwa anamfahamu kabla ya siku hiyo? Baadaye mahakama hiyohiyo ikasisitiza jambo jingine zuri: shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, palepale alipopata nafasi ya kwanza, anaaminika kuliko yule aliyekaa na jina moyoni akalitoa baadaye.

Umeona? Hayo ndiyo maswali yako, na unatakiwa uyaulize wewe, wakati unamwongoza shahidi wako kutoa ushahidi, kabla upande wa utetezi haujasimama kumdodosa. Vijana wengi huogopa. Hudhani wakimuuliza mama lishe juu ya mwanga watakuwa wameibomoa kesi yao wenyewe, basi wanalipita swali hilo haraka na kuomba Mungu upande wa pili usikumbuke. Upande wa pili utakumbuka.

Muulize hivi: "Mama, saa mbili usiku pale kwenye meza yako kulikuwa na mwanga gani?" Kisha nyamaza. Usimwambie "kulikuwa na taa kali, sivyo?", maana hilo ni swali la kumtilia shahidi jibu mdomoni, na shahidi wako mwenyewe huruhusiwi kumuuliza hivyo katika jambo linalobishaniwa. Mwache aseme: taa ya chaji iliyoning'inizwa kwenye mwavuli. Iko wapi na uso wa kijana ulikuwa wapi? Ulimwona usoni au mgongoni? Ulikuwa umeshawahi kumuuzia chakula? Mara ngapi? Ulipopiga kelele, ulitaja jina lake au ulisema "kijana mmoja"? Askari wa kwanza kufika ulimwambia nini? Ikiwa jalada linasema mama lishe alimfahamu kijana kwa sababu hula kwake kila Jumatano, kesi yako imesimama vizuri, na maswali hayohayo magumu ndiyo yataonyesha imesimama. Ikiwa jalada halisemi hivyo, mahakama ione hilo kutoka kwako, siyo kutoka kwa utetezi.

Dereva wa bodaboda yeye aliona mtu anakimbia. Kukimbia si kuiba. Muulize alimwona akitokea wapi, akiwa ameshika nini, na alijuaje ni mshtakiwa. Akisema "niliambiwa na wenzangu kijiweni", hapo mwache, maana aliyoambiwa na watu wa kijiweni ni maneno ya watu wa kijiweni, na wao hawapo kizimbani kudodoswa. Usijaribu kuyapenyeza kwa mlango wa nyuma. Kuna mwanafunzi niliyewahi kumfundisha ambaye aliyapenyeza kwa ustadi mkubwa, wenzake wakampigia makofi, na hakimu mwalikwa akayafuta yote kwa sentensi moja.

Na usiwe na hofu ya mashahidi wachache. Sheria yetu ya ushahidi haitaji idadi ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha kuthibitisha jambo. Nimeona timu zinazoomba kuongezewa mashahidi kama vile kesi inapimwa kwa kilo.

Ukifika mwisho, kwenye majumuisho, waweza kusema kwa uaminifu kabisa: "Mheshimiwa Hakimu, upande wa mashtaka unatambua kwamba ushahidi huu ni wa usiku. Tumeuliza juu ya mwanga, umbali na muda, na shahidi amejibu mbele yako. Tunaomba mahakama iyapime majibu hayo." Sentensi ya namna hiyo inaweza kusemwa mbele ya mama yako. Naomba hicho kiwe kipimo chako kwa kila mstari utakaoandika katika daftari lile: je, ningeusema kaka akiwa amekaa pale?

Hapo nimeshajibu swali lako la usaliti. Kaka yako hasalitiwi na mwendesha mashtaka anayeuliza juu ya mwanga. Mtu aliyeko mahabusu kwa sababu watu wawili wamesema walimwona usiku, anachohitaji kuliko kitu chochote ni kwamba anayewaleta watu hao mahakamani awaulize maswali hayo kwa haki, na hakimu ayasikilize.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie kwa upole, kwa sababu nimeliona katika wazo lako la kuhamia utetezi. Kama unataka kuhamia huko ili umtetee kaka yako kwa kupitia kijana wa mitumba, usihamie. Hutamwona kijana wa mitumba, utamwona kaka. Na hutamsikia mama lishe. Mama lishe naye aliamka alfajiri akapika, kama mama yako. Mauzo ya siku nzima yamekwenda, kesho hana mtaji wa mchele. Yeye ni mtu wa kutunga, najua, lakini mwenye pikipiki wa mtaa wa pili si wa kutunga, na huenda ile pikipiki ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wake. Iwe kaka yako aliichukua au hakuichukua, kuna mtu ameibiwa. Anayemsemea mtu huyo anafanya kazi ya heshima.

Njia ya kuujua upande wa utetezi ipo, tena bila kuhama. Mpendekezee mwalimu timu yenu iandae pande zote mbili. Wamarekani ndivyo wanavyofanya: wana mashindano ya taifa ya shule za sekondari yaliyoanza mwaka 1984 katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, na timu husimama mzunguko mmoja upande huu na mzunguko mwingine upande ule, kwa kesi ileile. Alama hutolewa kwa kazi ya mwanafunzi, namna alivyouliza, alivyopinga, alivyomjua shahidi wake, na siyo kwa nani aliyepewa hukumu. Timu inaweza kushindwa kesi ikashinda mzunguko. Hilo la kuzungusha pande naona ni bora kuliko mengi tunayoyaiga kwao. Baraza lao la wananchi kumi na wawili na nyundo ya hakimu tuwaachie, maana mahakama zetu hazina baraza la namna hiyo, na mwanafunzi wa Morogoro afundishwe mahakama ya Morogoro. Mwalimu wenu amelijua hilo, ndiyo maana amechagua Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mzazi akija kukaa ukumbini ataelewa kila neno la mwanawe. Mpe mwalimu huyo pongezi zangu.

Sasa wale waliokuwa wanaimba.

Hili nalichukulia kwa uzito kuliko wewe ulivyoliandika. Kelele ya "mwizi!" katika mitaa yetu inaua. Sote tunajua, tumeona au tumesimuliwa: mtu anakimbizwa, mawe, tairi, petroli, na kesho yake inajulikana hakuwa yeye. Mahakama, hata ya kuigiza darasani, imewekwa ili kelele ile inyamaze na mtu mmoja mmoja aulizwe aliona nini. Darasa linaloimba "mwizi" mshtakiwa anapoingia limegeuza mahakama kuwa ule ule umati. Mwambie mwalimu, na wewe kama kiongozi wa mashtaka uwe wa kwanza kusimama na kusema: upande wetu tunamwita mshtakiwa. Huhitaji kueleza kwa nini. Ombeni pia nafasi ya mshtakiwa izunguke, kila mmoja akae kizimbani angalau zoezi moja. Asiyewahi kukaa pale na kutazamwa na macho thelathini hajui anauliza maswali yake kutokea wapi.

Nakuja kwa mwalimu. Uliandika kwamba hakimu atatoka mahakama ya wilaya. Nilipofika hapo niliweka barua chini. Kesi ya kaka yako inasikilizwa mahakama gani? Kama ni hiyohiyo, huenda atakayekaa kitini siku ya mashindano ndiye aliye na jalada la kaka yako mezani. Hilo lazima lijulikane mapema, na mwalimu ndiye wa kulishughulikia, kwa kumwomba mratibu hakimu mwingine. Hana haja ya kutangaza sababu. Na hata akiwa hakimu mwingine kabisa, usimfuate wakati wa chai ukamweleza habari za kaka. Najua utatamani. Atakuwa amekaa pale, mpole, amekupongeza, na moyo wako utasema hii ndiyo nafasi. Ukimwambia utamweka katika hali mbaya, na unaweza kumwumiza kaka yako badala ya kumsaidia. Kesi iliyoko mahakamani huzungumzwa mahakamani. Vilevile usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la klabu, wala usiitumie kama mfano kwenye mazoezi.

Mwalimu mweleze faragha, maneno machache: "Mwalimu, kaka yangu ana kesi ya wizi mahakamani. Naomba jambo hili libaki kwako, na naomba tuhakikishe hakimu si yuleyule." Inatosha. Mwalimu aliyekuuliza kama unaumwa alipokuona na jasho ni mwalimu anayeona. Wenzako huna deni la kuwaambia. Ila ile safari ya Dodoma usiendelee kuijenga. Wakiuliza tena, sema "kaka hayupo nyumbani kwa sasa", uachie hapo. Uongo mdogo hudai uongo mwingine kila wiki, na wewe tayari hulali.

Ikiwa kesi ya kaka itapangiwa kusikilizwa wiki ileile ya mashindano, au ukiona chakula hakipiti, basi jitoe, na useme "sababu za kifamilia". Hakuna mtu mwenye haki ya kudai zaidi. Kuna mwaka mwingine.

Kuhusu kaka yako mwenyewe, mwonyeshe mama sehemu hii. Kwanza, aombe kujua hati ya mashtaka inasema kosa gani. Kama imeandikwa wizi, kosa hilo lina dhamana, na dhamana haiuzwi. Kinachohitajika ni kutimiza masharti ya mahakama, mara nyingi wadhamini wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Kama imeandikwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hilo halina dhamana, na hapo wakili anahitajika mapema zaidi. Kutokuwa na pesa ya wakili si mwisho: tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na yapo mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake yanayohudumia watu bila malipo. Aanze kwa kuulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, nao watamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu. Na kaka akumbushwe kwamba hata asipokuwa na wakili ana haki ya kuwauliza maswali wale wawili waliosema walimwona. Umbali, mwanga, muda, kufahamiana. Hayo unayajua wewe sasa, na siku ya kumwona unaweza kumpa mama amfikishie kwa mdomo.

Lakini usimwahidi mama kwamba kaka atatoka. Humjui hakimu, hujaliona jalada, na wewe si wakili wake. Wewe ni mdogo wake, na inatosha.

Basi turudi jikoni.

Mama alisikia mwanawe mmoja akimshtaki mwanawe mwingine. Kwake haikuwa mazoezi. Anatoka nje kwa sababu hana la kukuambia: hataki kukuzuia shule, na hawezi kukusikiliza. Ukimngoja yeye aanze, wiki tatu zitapita. Kwa hiyo leo jioni, kazi zikiisha, mfuate wewe. Usianze kwa kujitetea wala kumweleza faida za mashindano. Mwambie: "Mama, yale maneno niliyosema siku ile hayakuwa ya haki, na hata mahakamani hayaruhusiwi. Nimeyafuta." Mwonyeshe ukurasa, ulivyoukata kwa kalamu. Kisha mwombe akae kwenye kigoda awe hakimu wako. Wewe simama pale ulipokuwa umesimama, umsomee maswali mapya, moja moja: kulikuwa na mwanga gani, alikuwa umbali gani, ulimwona usoni? Usiharakishe. Akikukatiza akauliza kitu, hata kama ni cha kesi nyingine kabisa, funga daftari umsikilize.